Siku Niliyowapeleka Wageni Mtoni

Wageni wa Nairobi wakishuka garini walikuwa na maswali mawili. La kwanza, maji ya kuoga yako wapi. La pili, huku kwenu kuna nini cha kuona. Mimi ndiye niliyelipwa kujibu yote mawili, na mwaka ule mdomo uliniwasha kweli. Nilitamani kuwaambia, huku kuna njaa, iangalieni vizuri halafu mwende zenu. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nilitabasamu, nikabeba mabegi yao, nikasema, "Karibuni sana, kuna mengi ya kuona."

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kanisa, juu ya kilima upande wa Mukuyuni. Vyumba vinne, veranda ndefu, mabati mekundu, tangi la saruji la kukinga mvua. Wamisionari waliijenga wakaiacha, na wazee wa kanisa wakaona heri ikodishwe kwa watu wanaotafuta hewa safi. Msimamizi alikuwa mzee ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kutembea na funguo kiunoni. Kupika ni mimi. Kufua shuka ni mimi. Kutembeza wageni ni mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimerudi nyumbani kutoka ndoa ambayo sitaki kuisimulia, nikiishi na mama yangu chini ya kilima kile. Baba alikuwa amekufa zamani. Kazi yangu ndiyo iliyotuweka hai, mama na mimi, na msimamizi alilijua hilo sana.

Wageni wenye miguu niliwapandisha milima ya Kilungu. Tulitoka asubuhi na chai kwenye chupa, wakafika juu wakihema, wakaona nchi yote imelala chini yao. Wenye gari niliwapeleka upande wa Kambu kuona mibuyu, na nikawaahidi ndovu. Ndovu mwenyewe nilimwona mara moja tu. Siku nyingine zote tuliona mavi yake, na wageni wakayapiga picha. Wenye gari na kutwa nzima ya kupoteza tulizunguka nao hadi Kitui, kwenye lile jiwe kubwa la Nzambani. Pale nilikuwa na hadithi ya kuwachekesha: ukilizunguka jiwe mara saba, mwanamume hugeuka mwanamke, na mwanamke akawa mwanamume. Namkumbuka karani mmoja aliyezunguka mara sita mbio mbio, halafu kabla ya ile ya saba akasimama, ati viatu vinambana. Mke wake akamwambia, "Malizia, bwana, na wewe ukapike." Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Lakini walipopenda kuliko kote ni mtoni, kwa sababu palikuwa karibu. Mto wetu ni Kaiti, na kwa miezi mingi ya mwaka hauna maji ya kuonekana. Una mchanga tu, mweupe, mpana, na mikuyu mikubwa kwenye kingo yenye kivuli kizuri. Nilitandika shuka pale, nikatoa kuku na chapati, watoto wakavua viatu wakakimbia. Wageni walisema ni kama pwani. Mimi nikakubali, maana pwani nilikuwa sijafika.

Kwetu sisi mchanga ule ulikuwa jungu letu la maji. Kila nyumba ilikuwa na kisima chake pale katikati ya mto, shimo la kuchimba kwa mikono na kipande cha sufuria. Mwaka mzuri unachimba hadi goti, maji yanachuruzika. Mwaka mbaya unazama hadi kifua, halafu unakaa ndani ukingoja kijibuyu kimoja kijae, na jua linakupiga utosini. Jioni unafunika shimo lako na matawi ya miiba ili ng'ombe wa watu wasilibomoe.

Tena kulikuwa na sheria moja ambayo hata mtoto wa kunyonya aliifahamu, kwamba Kilungu kukifunga mawingu, hakuna kukaa mtoni. Mvua ikinyesha kule milimani, mto unakuja huku kwetu kukiwa na jua kali na vumbi. Huoni tone, na maji haya hapa. Nilikuwa nawaambia wageni sheria hiyo nao wakatikisa vichwa, wakidhani ni hadithi nyingine kama ile ya jiwe.

Mwaka wa themanini na nne mbingu zilitukataa kabisa. Mvua ya Machi haikuja. Ng'ombe walianguka mmoja mmoja, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuwafukia. Watu walikula mahindi ya njano ya serikali, yaliyokuja kwa lori kutoka ng'ambo ya mto. Kivuko cha zege kilikuwa kimevunjika, kwa hivyo lori lilipita juu ya mchanga wenyewe, pale kwenye kona ya mto, juu ya visima vyetu, na halikupita hata siku moja bila kukwama. Hapo ndipo desturi mpya ilipoanza. Lori likikwama, magunia hushushwa ili liwe jepesi, na magunia yale yalikuwa mabovu, yalivuja. Anayesukuma lori ndiye mwenye haki ya kuokota yaliyomwagika. Aliyefika kwanza husukuma karibu na magunia, na aliyechelewa huambulia mchanga. Kwa hivyo wanawake walikuwa wakichimba maji na sikio moja liko kwenye kona. Wakisikia ngurumo tu, mmoja atapiga kelele, "Ngali!" yaani gari, na wote wataruka kutoka mashimoni na kukimbia.

Mama yangu alikuwa bingwa wa mchezo huo. Alikuwa amepita hamsini, mfupi, mwembamba kama ufito, na mbio zake zilikuwa za kuchekesha, lakini hakuna msichana aliyemshinda. Ungo na kiondo, kile kikapu cha kubeba kwa ukanda wa kichwani, havikumtoka mgongoni, hata kanisani alikwenda navyo. Jioni alipepeta yale mahindi, mchanga huku na punje huku, akinisimulia nani alimkanyaga nani. Alipenda utani, mama. Hakujua Kiswahili, na changu alikiita Kiswahili cha kuku. Alisema kila nikifungua mdomo kukiongea, kuku mmoja wa kanisa anachinjwa na watu wengine wanashiba. Nikianza kuongea na wageni yeye hageuzi hata shingo. "Hiyo si yangu," angesema, na kuendelea na shughuli zake.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, mwezi wa Novemba. Wageni walikuwa watatu, bwana mmoja wa ofisi, mke wake, na binti yao wa miaka mitano hivi. Walikuwa wameahidiwa Nzambani, lakini gari lao lilivunjika springi wakati wa kuja. Basi msimamizi akaniambia niwapeleke mtoni.

Alfajiri ile, kabla sijapanda kilimani, mama alikuwa amenisimamisha mlangoni. Aliniomba wageni wasiletwe pale kwenye visima. "Sisi tumezama kwenye mashimo kama panya, na wao wanakula kuku wakitutazama," alisema. "Hiyo ni nini sasa?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia, "Kuku huyo ndiye anayekulisha wewe."

Alijifunga kiondo akaenda.

Nilipofika juu niliangalia Kilungu. Kulikuwa kumefunga, kumekuwa kweusi kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilimwonyesha msimamizi. Akacheka. "Mawingu ya mwaka huu? Yametudanganya tangu Machi. Wewe peleka wageni. Na kama umechoka na kazi, sema tu, wasichana ni wengi." Nikamlaani moyoni, lakini sitamsukumia lawama yeye peke yake. Hata mimi niliamini mawingu yale ni ya uongo. Tulikuwa tumeyatazama yakija na kuondoka mara nyingi mno, tukawa kama mtu aliyeachwa na mchumba, hata akirudi kweli hamfungulii mlango. Nikafunga chapati kwenye kitambaa, tukateremka.

Kulikuwa na wanawake kama ishirini mchangani. Nilitandika shuka karibu kabisa na ukingo, chini ya mkuyu. Angalau hilo nililifanya. Shimo la mama lilikuwa hatua thelathini hivi kutoka tulipokaa. Nilimwona kichwa na mabega tu, akitupa mchanga nje.

Yule mama mgeni alikuwa mtu mwema, na nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Alitoa kamera yake, akamwangalia mama yangu kwa muda, akaniuliza, "Yule ni nani?"

Nilikuwa nimevaa aproni nyeupe. Nilikuwa na viatu. Mama alikuwa na leso iliyotoboka, na matope hadi kwenye nyusi. Nikajibu, "Ni mama mmoja wa hapa."

Aibu ilinijia, na ilikuja haraka kuliko akili. Nilijiambia nitamweleza baadaye, tukishakula.

Tulimwendea. Mama akaniuliza kwa Kikamba, "Anasema nini huyu?" Nikamwambia anataka picha. "Mwambie sijachana nywele," akasema, kisha akacheka, akainua kijibuyu chake juu kama mtu aliyeshinda kitu. Picha ikapigwa. Yule mtoto akataka kuonja maji. Mama akayachuja kwa pindo la leso, akampa kijibuyu chote, kile alichokingoja tangu jua lilipochomoza. Mtoto akanywa kidogo, akakunja uso, akayamwaga. Mama mgeni akaona haya, akakimbia kwenye shuka akaleta paja la kuku. Mama yangu akalifunga kwenye jani akalitia kiondoni. Halafu akanitazama. Hakujua Kiswahili, lakini hakuwa mjinga. Alikuwa ameona kwamba sikumshika mkono na sikumsogelea. Akaniinamia kidogo na kunishukuru kwa ile heshima ya kumshukuru mtu usiyemjua, binti wa watu.

Nilirudi kwenye shuka, nikamimina chai.

Jua lilikuwa limepita utosi. Bwana alikuwa amejilaza na kofia usoni, mtoto akichimba kisima chake kidogo hatua kumi kutoka kwetu, mama yake akichuchumaa kando yake. Hapo ndipo tuliposikia ngurumo kutoka kwenye kona. Mwanamke mmoja akapiga kelele, "Ngali!"

Waliruka mashimoni wote. Nyungo mikononi, viondo vikiwapiga migongoni, wakakimbia kwenda juu ya mto, kuelekea ile ngurumo. Mama yangu alikuwa mbele yao kama kawaida, akikata katikati ya mchanga pale lori lilipozoea kukwama.

Mimi nilisimama. Nilikuwa nimeyasikia malori hayo miezi mingi. Lori kwenye mchanga hunguruma likanyamaza, likanguruma tena, dereva anabadili gia, anatukana, anajaribu upya. Ngurumo hii haikunyamaza hata kidogo. Kisha upepo ukaja, baridi, na ndani yake harufu ya udongo uliolowa. Juu ya ukingo punda wa kubeba maji walianza kuvuta kamba.

Mwenyezi Mungu ananijua. Nilijua ni nini kabla ya mtu yeyote pale. Nikafungua mdomo, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, "Tokeni! Tokeni mtoni! Maji! Maji yanakuja!"

Kwa Kiswahili. Tangu asubuhi nilikuwa nimeongea Kiswahili, ulimi ulikuwa umekaa huko. Nilikuwa nikimtazama yule mtoto wa watu, niliyekabidhiwa, nikamkimbilia, nikamkwapua mchangani, nikampandisha ukingoni na kumtupia baba yake, aliyekuwa ameshapanda. Mama yake alipanda kwa magoti na kucha. Nilipogeuka niliona wale wasichana waliosoma shule wamesimama, wamenielewa, wanawavuta wenzao kwenda kando. Mama yangu alikuwa bado anakimbia.

Hapo ndipo nilipoita, "Mwaitu!" Ndivyo tunavyomwita mama kwetu. Niliita tena na tena. Maji yalikuwa yameshaikata kona, ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba magogo na povu na mbuzi mmoja mzima, na kelele yake ilikuwa kubwa mno hata mimi mwenyewe sikusikia sauti yangu. Alisimama. Aliinua ule ungo mbele ya kifua. Kisha sikumwona tena.

Wengine wote walitoka.

Nilikimbia ukingoni kufuata maji hadi miguu ikakataa. Wageni sikuwaona wakiondoka. Niliambiwa baadaye kwamba walitafuta mtu wa kuifunga springi ile kwa waya, wakaenda jioni ile ile, mtoto akilia. Msimamizi aliwaambia kuna mama mmoja wa kijiji amechukuliwa na mto. Hakuwaambia ni wa nani. Pengine alidhani nimeshawaambia mwenyewe.

Tulimpata siku ya pili, chini kabisa, amenasa kwenye mizizi ya mkuyu. Ukanda wa kiondo ulikuwa bado kwenye paji la uso. Ndani ya kiondo kulikuwa na mchanga tu.

Mvua ilianza kunyesha kwetu siku ya maziko. Watu walishindwa kujua wafanye nini na nyuso zao. Mchungaji alisema Bwana amefungua mbingu, wakaitikia amina, na mimi niliichukia ile mvua, niliichukia kila tone. Waliokuja matanga walikaa kidogo wakaenda kupanda. Siwalaumu. Mbegu haingoji mtu alie.

Jirani yetu mmoja, aliyekuwa akikimbia nyuma ya mama siku ile, alibaki nami jioni akinisaidia kuosha vyombo. Aliosha sufuria moja kwa muda mrefu sana. Halafu akasema, "Tulikusikia ukiita, unajua. Nilimwambia mama yako, simama, mtoto wako anaita."

Nikamuuliza mama alisema nini.

"Alisema, anaita wageni wake."

Nilitoka nje nikatapika. Jirani akanishika mgongo, maskini, akidhani ameniliwaza kwa kunijulisha kwamba mama alinitaja dakika ile.

Wiki ya pili nilirudi kazini. Ungetaka nile nini? Nchi ilikuwa imegeuka kijani kila mahali, wageni wakaja kwa wingi kuiona. Niliwapandisha Kilungu, niliwapeleka Nzambani, nikawasimulia hadithi ya kuzunguka mara saba, wakacheka mahali pale pale walipocheka wengine. Mto ulipokauka tena wakaanza kuniuliza mbona hatuendi kukaa kwenye ule mchanga mzuri. Nikawaambia kuna nyoka.

Kabla ya Pasaka barua ilikuja, imeandikwa jina langu na la kanisa. Ilitoka kwa yule mama mgeni. Alinishukuru kwa kumwokoa binti yake, kwa maneno mengi mazuri ambayo siwezi kuyarudia. Ndani aliweka picha. Mama yangu yumo shimoni hadi kifuani, kijibuyu juu, meno yote nje, nywele hazijachanwa. Ni picha pekee ya mama iliyopo duniani. Mwisho wa barua aliandika kwamba alisikia habari za mwanamke aliyekufa, na kwamba wakati wote amekuwa akijiuliza kama ni huyu wa pichani aliyempa mtoto wake maji. Akauliza, "Je, ulikuwa unamjua?"

Nilikaa na ile barua wiki nzima. Niliiweka chini ya godoro, nikaitoa, nikairudisha. Nilijua ninachotakiwa kuandika, ni maneno mawili tu. Kisha nikafikiria yule mwanamke akiyasoma mezani kwake Nairobi, akikumbuka jibu nililompa pale mchangani, akinitazama upya.

Jumatatu nilichukua kalamu. Nikaandika kwa Kiswahili kizuri, kwa mwandiko wangu wa shule: "Ndiyo, ni yeye. Nilimjua kidogo. Alikuwa mama mmoja wa hapa."

Nikalamba stempu, nikatembea hadi posta, nikaituma.